Uzoefu wangu wa kutuma bidhaa nje kutoka Arusha: mzigo unapochelewa na nyota zinapopotea

Nimetumia njia mbili, posta na kampuni binafsi za kusafirisha haraka. Kwa muuzaji mdogo wa hapa Arusha mwenye shanga, mikoba ya kitenge au vikapu, kifurushi kidogo cha posta cha rejesta kinatosha kabisa kwa mzigo usiozidi kilo 2. Njia ya haraka iwekee bidhaa ya bei kubwa, au ile yenye tarehe yake, kama zawadi ya harusi. Kutuma bila namba ya kufuatilia sikubaliani nako hata kama ni hereni za dola 8. Mnunuzi akisema hajapokea, huna cha kuonyesha, na soko la mtandaoni litamrudishia pesa yake bila kukuuliza mara mbili.

Kuhusu nyota ambazo wanunuzi hulipa duka kwenye maoni yao, fanyeni hesabu, maana wauzaji wengi hawaifanyi. Chukua duka lenye maoni 10: tisa ya nyota tano na moja la nyota moja. Wastani unakuwa 4.6. Ili urudi 4.8, kiwango ambacho wanunuzi wengi wa nje hukitazama kabla ya kuagiza, unahitaji maoni mengine 10 ya nyota tano mfululizo. Kwa hesabu hiyo hiyo, oni la nyota moja linabebwa na maoni 19 ya nyota tano ili wastani uwe 4.8, la nyota tatu linabebwa na tisa, na la nyota nne linabebwa na manne tu. Ndiyo maana mzigo mmoja uliochelewa unaumiza duka changa kuliko duka la miaka mingi. Na mteja akikupa nyota nne kwa sababu ya siku mbili tatu, usigombane naye. Hiyo unaifidia ndani ya mwezi.

Sasa, mteja hapimi siku ambazo mzigo umekaa njiani. Anapima tofauti kati ya tarehe aliyoahidiwa na tarehe aliyopokea. Mzigo wa siku 30 ulioahidiwa kwa siku 35 unapata nyota tano. Wa siku 18 ulioahidiwa kwa siku 14 unalalamikiwa. Kwa hiyo muda wa safari usiukisie. Andika siku za vifurushi vyako 10 vya mwisho kwenda nchi husika, vipange kuanzia cha haraka hadi cha taratibu, kisha uchukue cha tisa. Kama cha tisa kilitumia siku 31, weka 31 dukani. Usiweke wastani, maana wastani unakuhakikishia kwamba karibu nusu ya wateja watasubiri zaidi ya ulivyoahidi. Oktoba ikiisha, ongeza siku nyingine, kwa kuwa mizigo ya Krismasi hujaza kila kituo.

Muda wa kuandaa bidhaa kabla ya kutuma nao ni ahadi nyingine. Ukiweka siku 1 halafu oda ikaingia Ijumaa jioni, umeshajifunga. Mimi naona siku 3 hadi 5 ndizo za kweli kwa kazi ya mkono, hasa kama shanga zinashonwa baada ya oda kuingia.

Siku ya kutuma, fika dirishani asubuhi. Posta kuu ipo pale karibu na Mnara wa Saa, na saa za mchana foleni huwa ndefu. Omba kifurushi kiskaniwe ukiwa bado umesimama hapo, kwa sababu soko la mtandaoni linahesabu umetuma pale skani ya kwanza inapoonekana, si pale ulipobandika lebo. Halafu soma namba kwenye risiti: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ. Tarakimu ya tisa ni ya uhakiki, hivyo ukikosea moja tu wakati wa kuandika, mfumo unaweza kuikataa namba nzima, na mteja ataona kama hujatuma kitu.

Baada ya hapo kinakuja kipindi kinachowaogopesha wanunuzi kuliko vyote: ukimya. Mzigo wa posta ukishatoka kituo cha mabadilishano ya kimataifa, unasafiri ndani ya mfuko uliofungwa kwa lakiri. Hata ukipita nchi ya tatu, mfuko haufunguliwi, kwa hiyo hakuna skani mpaka ufike kituo cha nchi ya mteja. Siku 10 bila taarifa mpya hazina maana kwamba mzigo umepotea. Mwandikie mteja kabla hajauliza, siku ile ile ya kutuma: mzigo umeondoka, taarifa zitanyamaza kwa muda, mimi nitaangalia tena tarehe fulani, na ukipita siku fulani tutatuma mwingine au nitakurudishia pesa. Taja tarehe hasa. Ujumbe huu ni mistari minne tu, lakini sijaona kitu kingine kinacholinda nyota kama huo.

Mizigo mingi inayokwama forodhani inakwamishwa na fomu. Kifurushi cha thamani isiyozidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF ambacho posta hutumia) kinajaziwa fomu ya forodha ya CN22. Zaidi ya hapo ni CN23. Ukiandika tu "mapambo" au "zawadi", umeomba kifunguliwe. Tena bidhaa iliyouzwa si zawadi, na bei ya dukani anaiona hata ofisa wa forodha. Andika kwa Kiingereza kinachoeleweka: bangili ya shanga za kioo na waya, vipande 3, gramu 40 kila kimoja, bei ya kila kimoja, imetengenezwa Tanzania. Weka na namba ya ushuru ya tarakimu sita. Vikapu vya majani kama ukindu vinaingia 4602.19, na mikoba ya kitambaa 4202.22.

Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa mizigo midogo tarehe 1 Julai 2021. Kwa oda isiyozidi euro 150, masoko makubwa humtoza mteja kodi hiyo anapolipa, kisha hukupa namba ya IOSS, yaani namba ya mfumo wa Ulaya wa kulipia VAT hiyo mapema, inayoanza na IM. Namba hiyo lazima iingizwe kwenye mfumo wa anayesafirisha. Kuiandika kwa peni juu ya boksi hakutoshi. Ikikosekana, mteja anatozwa mara ya pili mlangoni kwake, na hasira yote inakuja kwako. Marekani nayo iliondoa msamaha wa ushuru kwa mizigo ya chini ya dola 800 tarehe 29 Agosti 2025, na posta za nchi nyingi zikasimamisha kupokea mizigo ya kwenda huko kwa muda. Uliza dirishani kabla ya kukubali oda ya Marekani, siyo baada ya kulipwa.

Simbi, manyoya ya ndege, mifupa na pembe ziondoe kabisa kwenye bidhaa za nje kama huna vibali. Vikapu vikaushe juani siku mbili kabla ya kufunga, hasa wakati wa masika, maana unyevu kidogo ndani ya nailoni unakuwa ukungu njiani. Mdudu mmoja kwenye ukindu anatosha kuzuia mzigo. Kwa nchi zinazodai cheti cha afya ya mimea, kinatolewa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake makuu yapo hapa hapa Arusha.

Kwa njia ya haraka, kinachowaumiza wauza vikapu ni ujazo. Kampuni hizo hupima urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, zikagawa kwa 5,000, kisha zikatoza kwa namba iliyo kubwa kati ya hiyo na uzito halisi. Boksi la 40 × 40 × 30 linahesabiwa kilo 9.6 hata kama ndani kuna kikapu cha kilo 1. Pachika vikapu vitatu, kidogo ndani ya kikubwa, uuze kama seti. Gharama ya kila kimoja inashuka hadi theluthi. Na namba ya simu ya mteja iandikwe pamoja na msimbo wa nchi, la sivyo msambazaji akikosa mtu mlangoni, mzigo unarudi stoo.

Mzigo ukichelewa kweli, rudisha pesa au tuma mwingine kwanza, bila kutaja nyota hata kidogo. Kumpa mteja punguzo ili abadilishe maoni kunakatazwa na masoko hayo, na duka linaweza kufungwa. Jibu lako la wazi chini ya maoni liwe sentensi mbili: tarehe uliyotuma na ulichofanya. Kisha fungua madai posta kwa fomu ya CN08 ndani ya miezi 6 tangu kutuma. Watakuomba risiti ya dirishani, na karatasi zake hufifia haraka, kwa hiyo ipige picha siku ile ile.