Ukitoka Malindi kwenda Nairobi: ununue tiketi ya treni ipi?

Sisi wa Malindi hatuna stesheni. Kumbuka hilo kabla ya kubonyeza *639# kukata tiketi, maana safari yako ya SGR inaanzia kwenye matatu: kama kilomita 120 hadi Mombasa, kisha Miritini iliko stesheni. Na foleni ya Mtwapa haijali una tiketi au huna. Mimi nimewahi kuachwa.

Nauli ya Mombasa hadi Nairobi, tangu Januari 2024, ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Kinachobaki kuchagua ni saa ya kuondoka, na saa ndiyo inayoamua utaona nini dirishani.

Namba moja kwangu ni ya asubuhi, saa mbili, ile inayosimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Inachukua kama saa moja zaidi, na mimi silalamiki. Kaa kushoto. Ukikaribia Voi, milima ya Taita inajitokeza. Mbele zaidi ni vilima vya Chyulu, na siku ya anga safi huenda Kilimanjaro ukajionyesha. Jua liko upande wa pili, halikuchomi. Kwenye mbuga ya Tsavo ndovu ni wekundu kwa udongo wanaojimwagia, na reli imeinuliwa ili wapite chini yake. Daraja la kawaida viti vimepangwa vitatu huku, viwili kule, vikitazamana, kwa hiyo omba dirishani mapema. Kiti cha katikati kwenye vile vitatu ni hasara hata ungepewa bure. Kasoro ni moja tu: lazima utoke Malindi usiku wa manane au ulale Mombasa. Kama una shangazi Kisauni, mpigie simu leo.

Ya pili ni ya saa tisa alasiri, ya moja kwa moja, inayochukua kama saa tano hivi njiani. Kwa mtu wa Malindi hii ndiyo nyepesi: unakunywa chai na mahamri kwako, unaondoka saa tatu. Taita utaiona, ila jua la jioni linapiga upande huo huo wa kushoto, na giza linaingia kabla hujafika Nairobi.

Ya usiku, saa nne, naiweka mwisho. Inamfaa mwenye shughuli za asubuhi mjini. Lakini ikiwa utalala njia nzima, basi la usiku linalotoka hapa hapa Malindi linakuondolea taabu ya Miritini.

Fika saa moja kabla, ukiwa na kitambulisho. Mizigo hupangwa chini mbwa wainuse. Desemba na Idi, kata tiketi mapema sana. Na sweta iweke juu kabisa kwenye begi, usije ukaanza kufukua nguo pale Syokimau, stesheni ya Nairobi, huku meno yanagongana.