Uzoefu wangu: kusomea leseni ya urubani Johannesburg

Kila anayeniuliza kuhusu kusomea urubani Afrika Kusini anaanza na bei ya saa moja ya kuruka. Swali hilo jibu lake halikusaidii kitu. Mimi nimetoka Dar nikasomea leseni ya rubani binafsi, PPL, kwenye shule moja ya mkoa wa Gauteng ambayo sitaitaja, na bei yao ya saa ilikuwa chini kuliko ya majirani zao. Bili ya mwisho haikuwa chini.

Mamlaka ya anga ya kule, SACAA, inataka uwe na saa 45 za kuruka ndipo upewe PPL: 25 na mkufunzi, 15 peke yako, zilizobaki ni kadiri ya mahitaji yako. Shule inakupigia hesabu ya kifurushi kwa hizo 45. Katika kundi letu sikuona aliyemaliza kwa 45. Mimi nilipita 60 na sikuwa wa mwisho. Ukienda na hela ya saa 45 unakwama katikati, nchi ya watu, na mwenye nyumba anataka kodi yake kama kawaida.

Halafu kuna suala la mita ya kuhesabia saa unazotozwa, na hapa wengi hupigwa bila kujua. Shule nyingine hutoza kwa mita iitwayo Hobbs, inayohesabu tangu injini inawaka hadi inazimwa. Nyingine hutoza kwa takometa, inayofuata mizunguko ya injini, hivyo ukiwa umesimama ardhini ukisubiri ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege inakwenda polepole. Tofauti kati ya hizo mbili hufika asilimia 10 hadi 20. Tuseme shule ya kwanza inataka randi 2,500 kwa Hobbs na ya pili randi 2,700 kwa takometa. Ya pili ndiyo nafuu! Uliza pia kama mafuta yamo ndani ya bei, nani analipa ada za kutua kwenye viwanja vingine, na kama maelezo ya darasani kabla ya kuruka yanatozwa. Kwetu yalitozwa.

Malalamiko yangu makubwa ni wakufunzi. Wengi ni vijana wanaokusanya saa zao wenyewe wakisubiri kuitwa na mashirika ya ndege, na wakiitwa hawaagi mara mbili. Wangu aliondoka nikiwa karibu na safari za masafa, za kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Aliyempokea alitaka kujiridhisha kwanza: tukarudia stoli (bawa kupoteza nguvu ya kuibeba ndege), tukarudia kutua kwa dharura, tukarudia sakiti, yaani kupaa, kuzunguka uwanja na kutua. Simlaumu, sahihi ni yake na akikuruhusu kwenda peke yako anabeba dhamana. Lakini saa zile nililipa mimi. Juu ya hapo ndege zilikuwa chache, na kila ndege ikitimiza saa 100 inaingia hangari kwa ukaguzi wa lazima, wanafunzi mnabaki kupanga foleni ya iliyobaki. Kwa hiyo ukiwaandikia, waulize wana ndege ngapi zinazoruka leo (leo, si kwenye brosha), na mkufunzi wako atakuwepo mpaka lini. Na usilipe ada yote mara moja, hata wakikupa punguzo. Lipa kwa mafungu ya saa chache. Shule za urubani zimewahi kufungwa na pesa za wanafunzi zikiwa ndani, tena si Afrika tu.

Sasa nisifie, maana kuna kitu nilikipata ambacho kwetu pwani nisingekipata. Uwanja wa Dar uko chini ya futi 200 kutoka usawa wa bahari. Kule Gauteng, uwanja wa Lanseria uko futi 4,500 na kitu, Rand Airport kule Germiston inakaribia 5,500. Uwanja wa futi 5,000 siku ya joto la nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 8,000, na injini ya kawaida ya ndege ndogo ya Cessna 172 inapoteza karibu robo ya nguvu zake. Unasoma habari hizi kitabuni unaitikia tu. Kisha mchana mmoja mko wawili, matangi yamejaa, njia ya kurukia inaisha mbele yako na ndege bado inajishauri. Nilielewa siku hiyo hiyo.

Kule unajifunza mapema kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa hewa na mafuta unaoingia kwenye injini hata kabla ya kuruka, jambo ambalo Dar hulifanyi. Dar unasukuma kile kitasa chekundu cha mchanganyiko mpaka mwisho unaondoka. Unajifunza pia kwamba kipima mwendo kinasema noti 65 zile zile (maili za baharini kwa saa) wakati wa kutua, ilhali kwa wepesi wa hewa mwendo wako halisi kulinganisha na ardhi ni mkubwa zaidi na lami inaliwa haraka. Siku ya solo ya kwanza tofauti ilikuwa ya furaha: mkufunzi ameshuka, uzito wake umeondoka, ndege ikapanda upesi hadi nikashtuka. Niliporudi nyumbani na kuruka Dar nilicheka peke yangu, ndege aina ile ile ilikuwa inapaa kama imechokozwa. Lakini Arusha iko futi 4,500, Dodoma zaidi ya 3,600. Rubani wa Tanzania atakutana na mwinuko tu, bora akutane nao akiwa na mwalimu pembeni.

Msimu nao una pesa zake. Kuanzia Oktoba hadi Machi nyanda zile za juu hupata radi za mchana: asubuhi anga safi, saa nane mawingu yamesimama kama minara, saa tisa hakuna anayeruka. Ukiwekwa kwenye ratiba ya mchana msimu huo andika umeumia. Juni hadi Agosti ni kukavu, hewa imetulia, unaruka karibu kila siku. Ila baridi! Alfajiri mabawa yamefunikwa na sakitu kama ya Makete, na huruki mpaka iishe yote, kwa sababu hata tabaka jembamba huharibu mtiririko wa hewa juu ya bawa. Mtoto wa Temeke nikawa nafuta bawa na vidole sivihisi.

Redio ilinitesa wiki za mwanzo. Kiingereza changu hakina tatizo darasani, ila anga la Johannesburg lina msongamano, waongozaji wanazungumza haraka na kwa lafudhi ya Kiafrikana, na unatakiwa uwarudishie maelekezo neno kwa neno. Dawa niliyoipata ni kukaa karibu na redio ya shule nikiwa siruki, nasikiliza tu. Bure kabisa.

Mtu ataniuliza, kwa nini si Nairobi? Swali la haki. Uwanja wa Wilson wa huko nao uko futi 5,500, hivyo hoja ya mwinuko haikulazimishi kushuka kusini, na ukichoka na Kiingereza unaagiza chai kwa Kiswahili. Nilichovutiwa nacho Gauteng ni wingi wa viwanja vidogo vilivyo karibu karibu. Ndani ya saa moja unatua viwanja tofauti, kimoja kina mnara, kingine hakina mtu na unajitangazia mwenyewe kwenye redio uko wapi na unafanya nini. Mazoezi hayo yana thamani.

Kuhusu karatasi nitakuwa mfupi. Kapime afya kwanza, daraja la kwanza kabisa ikiwa unataka kuja kuwa rubani wa biashara, kabla hujatuma hata senti. Macho yasiyotofautisha rangi yamewarudisha wengi. Viza ya masomo inadai bima ya afya ya kule kule na cheti cha polisi, anza mapema. Mitihani ya nadharia alama ya kufaulu ni 75. Na nenda TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, kabla ya safari, upate kwa maandishi watakachodai ili leseni ya kigeni itambuliwe nyumbani.

Nitarudi kusini kwa leseni ya urubani wa biashara, safari hii mwezi wa Juni, kwenye shule nyingine.