Seti ya jeti za kabureta kwa ajili ya mlimani: uzoefu wangu baada ya miezi minne

Pikipiki yangu ni ya cc 150, silinda moja, na kabureta yake, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ni ile ya kawaida ambayo kebo ya mafuta inavuta slaidi (kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya koo lake) moja kwa moja. Kwenye nchi tambarare karibu na usawa wa bahari haijawahi kunisumbua. Shida zilianza nilipopata kazi ya kukaa wiki kadhaa mfululizo kwenye mwinuko wa mita 2,600, tena kufika huko lazima nipande kwanza hadi mita 3,100.

Nikivuka mita 1,800 hivi, injini inaanza kukohoa nikifungua mafuta kwa haraka. Nikifika juu zaidi, kwenye kona kali za kupanda inazima kabisa, na kuiwasha tena ni kazi. Bomba linatoa moshi mweusi. Nilichomoa plagi nikaikuta nyeusi ti, kavu, imejaa masizi.

Kabla sijanunua chochote nilifanya jaribio moja ambalo ningemshauri kila mtu alifanye. Wakati injini inakohoa, vuta choki kidogo, ile ya kuzidishia mchanganyiko petroli injini ikiwa baridi. Ikizidi kukohoa, mafuta yamezidi hewa. Ikipata nafuu, basi mafuta ni machache, na tatizo lako liko kwingine, pengine uchafu kwenye tundu la jeti (kile kijiskrubu chenye tundu kinachopima petroli ndani ya kabureta) au hewa inayoingia kwenye mpira uliopasuka. Yangu ilizidi kukohoa hadi ikazima. Hapo nikawa na uhakika.

Sababu yenyewe haina fumbo. Kwenye mita 3,000 hewa ni nyepesi kwa karibu robo ukilinganisha na usawa wa bahari. Injini inavuta ujazo uleule, ila ndani ya ujazo huo hewa ni chache. Petroli nayo hupungua, maana mvuto kwenye koo la kabureta umepungua, lakini haipungui sawasawa na hewa. Kwa hesabu ya kawaida mchanganyiko unakuwa mzito, yaani petroli inazidi, kwa kama asilimia 15 hivi. Pikipiki ya injeksheni hulirekebisha hilo yenyewe kupitia kihisio cha mgandamizo wa hewa, na kabureta zenye diaframu hujitahidi kidogo. Kabureta ya slaidi kama yangu lazima uirekebishe kwa mkono.

Seti niliyonunua ina jeti kubwa nane, kuanzia 92 hadi 110, jeti ndogo nne, bisibisi fupi na kadi ya maelezo. Jeti zenyewe ni nzuri. Nyuzi zake ziliingia bila kulazimisha na namba zimechongwa zikasomeka. Mbili kati yake zilikuwa na vijisehemu vya shaba vimebaki kwenye mdomo wa tundu, nikaviona kwa kioo cha kukuzia. Hilo si jambo dogo, kwa sababu kipande chembamba kama unywele kinabadilisha kabisa mafuta yanayopita. Zikague zote kabla ya kuzifunga, na usijaribu kuzisafisha kwa waya. Shaba ni laini, utapanua tundu na namba iliyoandikwa itakuwa haina maana tena.

Bisibisi niliiweka pembeni siku ya kwanza. Ulimi wake ni mwembamba kuliko mfereji wa jeti, na jeti ikishachubuka kichwa utaitoa kwa machozi. Tafuta bisibisi inayojaa mfereji wote. Skrubu za bakuli la kabureta nazo, kama pikipiki yako ni ya Kijapani, zimetengenezwa kwa bisibisi ya nyota ya vipimo vya Kijapani. Ile ya nyota ya kawaida huteleza na kuziharibu.

Lawama yangu kubwa ni kadi ya maelezo. Inasema upunguze jeti kubwa namba mbili ukienda mlimani, basi. Haisemi ni namba za aina gani, wakati jeti hazihesabiwi kwa njia moja. Za chapa ya Keihin hufuata kipenyo cha tundu, kwa hiyo 100 ni tundu la milimita 1.00. Jeti kubwa za chapa ya Mikuni zenye kichwa cha pembe sita huhesabiwa kwa kiasi cha mafuta yanayopita kwa dakika. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu ukipunguza kipenyo kwa asilimia 7 umepunguza mafuta kwa karibu asilimia 14. Mtu akichukua hesabu ya jeti moja akaipeleka kwenye nyingine anaweza kupunguza nusu ya anachotakiwa, au mara mbili yake.

Jeti zangu ni za kipenyo, na ya kiwandani ilikuwa 105. Kwa mita 2,600 nilihesabu nipunguze kama asilimia 6, nikafunga 98. Nilifunga koki, nikamwaga petroli ya bakuli, na kazi yote ikachukua chini ya nusu saa. Nilipopanda mlima mrefu huku mafuta yamefunguliwa mpaka mwisho, injini ilivuta bila kukohoa hata mara moja. Nilifurahi sana, nikadhani nimemaliza.

Kumbe zile kona zilikuwa palepale. Napunguza mwendo, nashusha gia ya kwanza, nafungua mafuta taratibu, injini inakabwa na kuzima. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kadi iliniacha njiani. Jeti kubwa hutawala pale tu unapofungua mafuta kuanzia robo tatu hadi mwisho. Katikati kazi ni ya sindano, ile inayoning'inia kwenye slaidi na kuziba au kuachia tundu la petroli. Chini ya robo, ambako ndiko unakokuwa ukiwasha, ukikata kona kali, ukipita kwenye mawe polepole, jeti ndogo na skrubu ya hewa ndizo zinazoamua. Mtu anayebadilisha jeti kubwa peke yake amerekebisha mbio, lakini mlimani mbio ni sehemu ndogo tu ya safari.

Nikaanza na sindano. Juu yake kuna mifereji mitano na klipu ndogo. Yangu ilikuwa mfereji wa tatu. Niliihamishia wa pili kutoka juu, sindano ikashuka kidogo ndani ya tundu lake na mafuta yakapungua. Mwendo wa kati ukawa laini mara moja.

Jeti ndogo ndiyo iliyonifundisha subira. Ya kiwandani ni 38. Kwa haraka niliruka hadi 32, nikidhani nikipunguza sana nitakuwa salama zaidi. Asubuhi injini ilihitaji choki muda mrefu, mlio wake ukawa unabaki juu hata nikiachia mafuta, na kwenye mteremko bomba likawa linapiga milio ya pa-pa-pa. Hizo zote ni dalili za mafuta machache. Nikarudi hadi 35, injini ikatulia. Kisha, ikiwa imepata moto vizuri, nikageuza skrubu ya hewa polepole hadi mlio ukafika juu kabisa na kutulia, ambayo kwangu ilikuwa mizunguko miwili kutoka kufungwa kabisa.

Kuwa makini na skrubu hiyo. Ikiwa upande wa chujio la hewa, inapitisha hewa, na ukiifungua unapunguza uzito wa mchanganyiko. Ikiwa upande wa injini, inapitisha mafuta, na ukiifungua unauongeza. Nimewaona watu wakihangaika siku nzima kwa kugeuza upande usiofaa.

Plagi sasa ina rangi ya kahawia hafifu, kona napita bila wasiwasi, na moshi mweusi umekwisha. Nguvu ya pikipiki bado ni pungufu kuliko kule chini, na hakuna jeti itakayoirudisha, kwa sababu hewa ya kuichoma petroli haipo. Kilichonisaidia kwa hilo ni kupunguza jino moja kwenye spoketi ya mbele.

Sikurekebisha kabureta kwa ajili ya ile mita 3,100. Huko napita kwa dakika chache tu, wakati 2,600 ndiko ninakoishi na kufanya kazi. Pale juu injini inakuwa nzito kidogo na naivumilia, kwa sababu mafuta yaliyozidi kidogo huchafua plagi, lakini mafuta machache huunguza pistoni.

Kwa sababu hiyohiyo sishuki kamwe hadi tambarare nikiwa na jeti za mlimani na kuendelea kukimbiza pikipiki kama kawaida. Chini hewa ni nzito, 98 haitoshi, na injini inaweza kupata joto kali bila kukupa onyo la maana. Nikishuka kwa safari ya siku moja naendesha taratibu bila kufungua mafuta mpaka mwisho. Nikishuka kwa wiki, narudisha 105, 38 na klipu ya mfereji wa tatu kabla ya kupiga gia. Namba hizo nimeziandika kwenye utepe chini ya siti, na jeti za kiwandani ziko kwenye kikopo kidogo ndani ya mfuko wa vifaa pamoja na oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja) mbili za bakuli, ambazo seti haikuja nazo na ilipaswa kuja nazo. Ile ya zamani ilipasuka mara ya tatu nilipofungua, petroli ikaanza kudondoka juu ya injini.

Ningeinunua tena seti hii, kwa ajili ya jeti zake. Kadi nimeshaitupa.