Saa ya stronti au ya ioni yenye chaji kubwa?

Kati ya saa hizi mbili za atomu, yaani zinazopima muda kwa mitetemo ya mwanga unaoendana na atomu, ile ya stronti (aina ya metali) ndiyo inayoongoza leo kwa usahihi: maelfu ya atomu hunaswa kwa mwanga wa leza na kupimwa pamoja. Lakini anayetaka kujua kama namba za msingi za fizikia (kama ile inayoeleza ukubwa wa nguvu ya sumakuumeme) hubadilika, mimi namwelekeza kwenye ioni zenye chaji kubwa, yaani atomu zilizovuliwa elektroni nyingi. Mwaka 2022 PTB, taasisi ya taifa ya vipimo ya Ujerumani, ilionyesha saa ya arigoni iliyopokonywa elektroni 13. Zile 5 zilizobaki hushikwa na kiini kwa nguvu mno, hivyo umeme na sumaku za nje haziziyumbishi kirahisi. Kuipoza ioni hiyo ndiyo kazi: hutegemea ioni jirani ya berili, ambayo pia husaidia kuisoma. Kaliforni, elementi nzito, ikivuliwa elektroni nyingi vivyo hivyo ingehisi hata badiliko dogo la nguvu ya sumakuumeme.