Albert Ayler katika Debut ya Denmark: CD inayostahili kununuliwa

Lebo ya Debut, yaani kampuni ya kurekodi na kutoa muziki, ilianzishwa New York mwaka 1952 na mpiga besi Charles Mingus, mkewe Celia na mpiga ngoma Max Roach, kwa nia ya kuwawezesha wanamuziki kuamua wenyewe nani arekodiwe na arekodi nini. Kufikia mwaka 1957 kazi yake Marekani ilikuwa imekwisha. Jina hilo, hata hivyo, liliendelea kutumika Denmark, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilitumika kutoa rekodi za wanamuziki wa jazi wa Marekani: Eric Dolphy, Cecil Taylor na mpiga saksafoni Albert Ayler. CD ninayoizungumzia hapa, My Name Is Albert Ayler, ni toleo la baadaye la mojawapo ya rekodi hizo, nami niliipata kwa muuzaji wa santuri kuukuu Kariakoo.

Ilirekodiwa Copenhagen tarehe 14 Januari 1963. Ayler anaanza kwa kujitambulisha kwa sauti ya upole, na asiyemfahamu hawezi kudhani kwamba mtu huyohuyo ndiye atakayepuliza «Summertime» kama inavyosikika humu. Noti moja anaishika, anaitetemesha, kisha anaiachia iteleze polepole hadi inakaribia kilio, na wimbo tulioudhani tunaujua unageuka maombolezo. Kwangu mimi, kibao hicho peke yake kinatosha kuilipia CD nzima.

Kasoro ipo. Mpiga piano anafuata njia iliyozoeleka, huku saksafoni imekwisha kuiacha njia hiyo, hivyo mara kadhaa unawasikia watu wawili wasioelewana. Katika «C.T.» piano inanyamaza, wanabaki Ayler, ngoma na besi ya Niels-Henning Ørsted Pedersen, aliyekuwa na umri wa miaka 16 tu, na hapo ndipo muziki unapata nafasi ya kupumua.

Msikilizaji wa Dar es Salaam ana sababu yake ya kuijali historia hii. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, baadaye ilikuwa ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Wanamuziki wetu mahiri walikuwa waajiriwa, na kazi zao nyingi zilirekodiwa na kuhifadhiwa Radio Tanzania. Wazo la Mingus na Roach, la mpigaji kuwa na lebo yake, lingewafaa mno. Ni haki kukumbuka pia kwamba Ayler hakuwa mmiliki wa Debut. Alichopata Denmark ni kurekodiwa jinsi alivyotaka kupiga, wakati kampuni za kwao Marekani zilikuwa bado hazijamfungulia mlango.

Anayependa jazi tulivu ya kusindikiza chakula aiache. Wengine waanze na «Summertime», waruke moja kwa moja hadi «C.T.», kisha ndipo warudi kusikiliza vibao vilivyobaki.