Mafuta ya chufa, uzoefu wangu jikoni na kwenye ngozi

Niseme mapema tu, mafuta ni matamu ila nusu ya sifa wanazoyapa wauzaji si zake.

Kwa msioijua, chufa ni vile viazi vidogo vya mizizini vya nyasi jamii ya ndago, hiyo hiyo ndago inayotutoa jasho shambani, sema hii inaliwa. Mimi naishi Valencia, Hispania, na hapa wanailima hasa maeneo ya Alboraya, wanasaga wanatengeneza kinywaji kinaitwa horchata. Wahausa wa Nigeria wanaiita aya, Ghana ni atadwe. Horchata ipo kila kona wakati wa joto lakini mafuta mpaka uyasake, na bei yake weee, zeituni safi kabisa inaachwa mbali, maana chufa kavu ina mafuta kama robo tu ya uzito wake.

Sasa kilichonikera. Chupa niliyonunua mtandaoni wameandika eti yana nyuzinyuzi nyingi yanasaidia kupata choo. Jamani mafuta na nyuzinyuzi wapi na wapi? Zile zimebaki kwenye makapi baada ya kukamua. Kilichopo humo ni asidi ya oleiki, zaidi ya nusu ya mafuta yote, ile ile inayosifiwa kwenye zeituni, pamoja na vitamini E. Ukiyatumia badala ya samli au siagi sawa, moyo utakushukuru, lakini ukiyamwagia juu ya samli yako ya kila siku umejiongezea kalori tu, kijiko kikubwa kimoja ni kama 120, sawa na mafuta mengine yoyote.

Ladha ndo nayapendea. Rangi ya dhahabu, harufu kama karanga zimekaangwa kidogo, halafu kuna kautamu kanakuja kwa mbali. Kwenye kachumbari weka ndimu na chumvi kwanza, nyanya zikishatoa maji ndo umwagie kijiko, usikoroge sana. Muhogo wa kuchemsha ukiwa bado wa moto pia, utamu wake acha kabisa. Chapati nilijaribu, harufu yote imepotelea kwenye kikaango, yaani ni kuchoma hela, tumia alizeti yako tu.

Ngozi nayo imeyapenda, napaka magotini na visigino baada ya kuoga mwili ukiwa na unyevu na hayanati. Nywele sijaona cha maana kuzidi nazi.

Wenye aleji ya karanga, hii si karanga wala korosho, ila angalia lebo kama kiwandani wanasaga na hizo nyingine.

Nunua chupa ndogo ya kioo cheusi, usiiweke karibu na jiko. Na kama shida yako ni hizo nyuzinyuzi achana na mafuta, nunua chufa kavu, loweka usiku kucha zilainike utafune, tena bei yake haiumizi.