Nyota tano kwa steshenari, nusu nyota kwa muuza injini

Nilijizuia kuandika mpaka kadi ya gari itoke na injini mpya niliyobadilisha, maana kadi haishangiliwi ikiwa bado iko mikononi mwa watu. Imetoka Alhamisi. Iko hapa mezani pembeni ya kikombe cha chai, na pale penye injini pameandikwa aina yake, 3L, cc 2779, na namba iliyopo kwenye bloku la injini ndiyo hiyo hiyo iliyopo kwenye kadi. Imenichukua wiki tisa. Kubadilisha injini yenyewe kulituchukua siku mbili, na hiyo ya pili saa tisa alasiri tulishanawa mikono.

Gari ni Hilux ya mwaka 1994, dizeli, kabini moja. Nabebea viazi kutoka Umalila, upande wa Ilembo, kuleta Soweto na Mwanjelwa. Anayeijua ile barabara ya milima kutoka Mbalizi haniulizi kwa nini injini ya zamani, 2L, ilinichosha. Nikipakia magunia kumi na mbili inachemsha (na ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo, siyasemi, afande naye anasoma). Mwishowe sirinda hedi ikapasuka, maji yakaanza kuingia kwenye oili, oili ikawa kama chai ya maziwa.

Mdogo wangu ni fundi. Aliniambia tusihangaike kuchomelea hedi, tutafute 3L. Hizi injini mbili ni ndugu wa tumbo moja: sirinda ya 2L ina upana wa milimita 92, ya 3L ina 96, mwendo wa pistoni ni 92 kwa 2L na 96 kwa 3L. Mauntini za kushikia injini ni zilezile, giaboksi inakaa bila ugomvi. Kuna na 5L, cc 2986, hiyo ndiyo kaka mkubwa, lakini bei yake nayo ni ya kaka mkubwa.

Sasa duka la injini. Jina silitaji, lipo hapa hapa mjini. Injini waliyonipa ni nzuri, lazima niseme ukweli. Tuliiwasha palepale sakafuni kwa betri na galoni la dizeli, haikutoa moshi mweusi, tukafungua kifuniko cha oili haikuwa inapumua. Mpaka leo inapanda Umalila na gia ya tatu mahali ambapo 2L ilikuwa inalia na ya pili. Nusu nyota ni kwa ajili hiyo. Nne na nusu zilizobaki wamezila kwa risiti.

Nilipodai risiti, muuzaji akasema mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, imeharibika, "njoo Jumatatu mama mkubwa." Akachana karatasi kwenye kitabu cha risiti cha kawaida, akaandika: Injini 1 Toyota 3L. Basi. Nikamwambia andika na namba yake. Akatazama picha kwenye simu ya kijana wake, akaijaza kwa peni ya bluu huku anaongea na mteja mwingine. Mimi nikaikunja, nikaiweka kwenye pochi, nikafurahi kwamba nina akili. Jumatatu sikurudi. Hilo ni kosa langu, wala sitaki kulisukuma kwa mtu.

Ilikuwa Julai mwaka jana, ile baridi ya Mbeya ya kuvaa makoti mawili. Pale nyumbani Iyunga tulisimamisha nguzo tatu za mlingoti, tukafunga cheni bloku (mnyororo wa kunyanyulia) ya kuazima, ya zamani ikatoka, mpya ikaingia. Ya zamani tukaiegesha chini ya mparachichi. Kuku mmoja aliona ni mahali pazuri pa kutagia.

Kisha nikafanya wanalofanya wengi: nikaendesha. Nilijua kabisa kwamba kadi inasema 2L na cc 2446, nikawa najisemea nitakwenda wiki ijayo. Enzi za road license pengine ningeogopa zaidi, maana ile ada ya kila mwaka ilikuwa inafuata cc, na kwa kupita 2500 ningepanda daraja. Lakini ile ilifutwa mwaka 2017, ikahamia kwenye bei ya mafuta, sasa kila mtu anailipia kituoni bila kujua. Kwa hiyo hakuna aliyenikumbusha.

Aliyenikumbusha ni afisa mikopo wa SACCOS yetu, chama chetu cha akiba na mikopo, mwezi Machi. Nilitaka mkopo wa mbegu, gari likiwa dhamana. Kijana mpole, akaja na tochi, akafungua boneti, akainama dakika moja. "Mama, kadi yako inazungumzia gari lingine." Mkopo ukasimama hapo.

Kabla ya kufika kwenye sifa, nimalizane na kishoka, yaani dalali wa karatasi. Nilimkuta nje ya ofisi ya TRA, wanakobadilisha kadi, ana bahasha ya kaki chini ya kwapa, akaniambia laki na nusu, siku tatu, mimi nikae nyumbani. Nikampa elfu themanini ya kuanzia. Baada ya wiki mbili akaniletea fotokopi ya kadi yangu ileile, akasema faili "limeingia". Limeingia wapi, hakusema. Simu yake sasa haipatikani. Nyota hapewi hata ya kuchora.

Siku nilipokwenda mwenyewe dirishani TRA niliulizwa vitu vitatu na sikuwa na hata kimoja: ripoti ya ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani, risiti halali ya injini, na barua ya maombi. Yule dada alikuwa na haki, na hakunifokea. Nikatoka nje nimekunja uso, nikaingia kwenye steshenari iliyo jirani kutafuta karatasi ya kuandikia barua.

Hapa ndipo mapendekezo yangu yanapoanza, kwa hiyo mwenye haraka angesoma kuanzia hapa.

Ni kichumba kidogo chenye mlango wa bluu, kompyuta moja, printa moja, na binti mmoja ambaye nadhani hajafika miaka ishirini na tano. Nilimwambia nataka barua ya kubadilisha injini. Wengine wangeanza kuchapa palepale wapate buku lao. Yeye aliondoa mikono kwenye kibodi, akaniuliza: "Mama, hiyo namba umeiona kwa macho yako kwenye injini, au umeisoma kwenye risiti?"

Nikasema kwenye risiti.

Akafungua droo, akatoa karatasi nyembamba na penseli laini, akanipa. Akanieleza: osha bloku kwa dizeli na brashi, kausha, weka karatasi juu ya namba, sugua penseli taratibu mpaka ijichore yenyewe. "Usiandike kwa mkono. Iache injini iandike." Wala hakunitoza. Alisema niirudishe penseli.

Nilifanya hivyo jioni ile. Mdogo wangu alimulika, mimi nikalala juu ya gunia, mkono umepita kati ya bloku na mabomba, shavu limegusa chasisi. Grisi ya miaka mingi haitoki kirahisi, tuliisugua mara tatu. Namba ikatokea kwenye karatasi, nyeupe katikati ya weusi wa penseli, moja baada ya nyingine, mpaka nikafika ya nne. Risiti ilisema 8. Karatasi ilisema 3. Nikasugua tena kwa karatasi nyingine. 3. Mdogo wangu akapitisha ukucha, akasema upande wa kushoto wa tarakimu uko wazi, hakuna mviringo. Ni 3.

Tarakimu moja tu. Niliona kama jambo dogo mpaka kesho yake nilipopeleka gari kwenye ukaguzi. Afande alikuwa mtu wa makamo, ana brashi yake ya waya na chaki yake. Aliangalia namba ya chasisi kwanza, pale kwenye fremu karibu na tairi la mbele la kulia, ikakubali. Akaja kwenye injini, akapaka chaki, akasoma, akaniomba risiti. Akasoma tena.

"Mama, injini uliyonunua siyo hii iliyomo humu."

Nikaanza kujieleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza jambo ambalo duka la injini halikuwahi kuniambia: gari likiibwa, linachinjwa, na injini ndiyo inayouzika haraka. Injini isiyo na karatasi inayolingana nayo, kwa jicho la polisi, haina tofauti na ya wizi. Ikija kudaiwa, mwenye risiti ya namba nyingine hana risiti. Akaniuliza pia ya zamani iko wapi. Nikamwambia iko nyumbani, kuku anaatamia. Akacheka, lakini akaandika. Hakunipa ripoti siku ile. Alisema nirekebishe risiti kwanza.

Nilirudi dukani mara tatu. Mara ya kwanza muuzaji hayupo. Mara ya pili yupo, mashine "bado iko kwa fundi." Mara ya tatu nilikwenda na mdogo wangu pamoja na zile karatasi mbili za penseli, na nikamkuta mama mmoja anakaa kaunta. Nikamwekea karatasi mbele yake. Akafunua kitambaa, chini yake mashine ya EFD, nzima, inawaka taa ya kijani. Dakika kumi nilikuwa na risiti yenye namba sahihi. Ile mashine ilikuwa inaumwa ugonjwa wa muuzaji.

Tatizo likabaki tarehe. Risiti mpya ni ya mwezi wa nne mwaka huu, injini imefungwa Julai mwaka jana. Nikarudi mlango wa bluu. Binti akaandika barua ya ukurasa mmoja ambayo hata mimi mwenye gari nisingeiweza: gari lilinunuliwa lini, injini ya awali namba gani na cc ngapi, ilipasuka nini, mpya ilinunuliwa lini kwa risiti ipi ya mkono, namba ilikosewa wapi, ikasahihishwa kwa risiti ipi. Hakuna "kwa heshima na taadhima" nyingi, hakuna kulialia. Aliniuliza kila kitu mara mbili, na namba ya injini alinisomesha kwa sauti, tarakimu moja moja, yeye akifuata kwa kidole kwenye skrini. Akaambatanisha risiti zote mbili, ya mkono na ya mashine, akasema: "Usiifiche ya zamani mama, ukiificha ndiyo wataiuliza."

Afande aliisoma barua ile amesimama, akagonga muhuri. Dirishani waliipokea bila swali. Nikapewa control namba ya malipo, nikalipa kwa simu nikiwa nimekaa kwenye ngazi, ikabaki kungoja. Kungoja sina la kusimulia, nilikuwa shambani nikipalilia.

Gharama zake: kuchapa barua elfu mbili, kuskani mia tano kwa ukurasa, fotokopi mia. Jumla kwa safari zangu zote sikufika elfu kumi na tano. Linganisha na elfu themanini za yule wa bahasha.

Kasoro zipo. Printa ni moja na wino wake mara nyingine unafifia upande wa kulia, kagueni kabla ya kuondoka. Saa saba anafunga kwenda kula, na akisema nusu saa hesabuni saa nzima. Hakuna pa kukaa, foleni inasimama juani au kwenye ukungu kutegemea mwezi. Na mtandao ukigoma hana ujanja wowote, anakaa anatazama skrini kama sisi wengine. Nyota tano sizipunguzi hata hivyo.

Kitu kingine alichonikumbusha siku ya mwisho, nikiwa nimeshashika kadi na nataka kukimbia: bima. Taarifa za bima yangu zilikuwa bado za injini ya zamani. Nikapita kwa wakala siku ileile akarekebisha. SACCOS nao wamekuja tena na tochi yao, safari hii aliinama, akainuka, akasema asante mama.

Ile 2L imepata mteja, fundi wa Vwawa anataka bloku. Kuku nimemhamishia kwenye kikapu. Namba ya bloku hilo nimeshaisugua kwa penseli, na Jumatatu naipeleka mlango wa bluu niandikiwe hati ya mauziano kabla bloku haijapanda gari la mtu. Na penseli yenyewe nairudisha, nimekaa nayo tangu Machi.